Futari ya Jumamosi: tunakula bila plastiki, naomba mthibitishe

Assalaam aleykum ndugu zangu, na poleni na swaumu.

Futari yetu ya pamoja ni Jumamosi hii, uani kwa mwenyekiti. Tufike saa 11 jioni. Mwaka huu hatununui sahani za kutupa wala katoni za maji. Mliobaki kufagia mwaka jana mliona vikombe na vizibo vilivyojaa mtaroni, na mvua ilipopiga maji yakarudi barazani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini vile vifungashio vyepesi vya sokoni bado tunabebea nyanya. Inaniuma, na najua tunaweza kuacha.

1. Mchango ni Sh 5,000 kila kaya, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi mchana. Humo mna chakula na kukodi sahani na bilauri.
2. Maji yatachemshwa na kuwekwa kwenye ndoo za koki. Tunazo mbili, tunatafuta ya tatu.
3. Wa sokoni, bebeni vikapu. Samaki watiwe kwenye beseni lenye mfuniko, karatasi italowa njiani.
4. Anayetaka kumbebea mtu chakula aje na hotipoti yake.

Mwenye mgonjwa anayehitaji mrija aje nao, hakuna wa kumsema.

Vijana wawili wamejitolea kuosha vyombo, Mungu awabariki. Bado wawili.

Tafadhali andika hapa kabla ya Jumatano usiku: jina, mko wangapi, na kazi unayochukua. Mwenye sahani anataka idadi kamili.