Chumvi ya mchanga kwenye maghorofa yetu

Mhariri,

Kila yakitajwa maghorofa mapya ya Nyali na Kizingo hapa Mombasa, hakosi mtu wa kutolea mfano jumba la Ping An mjini Shenzhen, Uchina: mita 599, maduka chini, ofisi juu. Urefu huo hautuhusu. Kinachotuhusu ni kwamba Machi 2013 ujenzi wake ulisimamishwa kwa shaka kuwa zege lilitiwa mchanga wa bahari usiooshwa, ukaendelea baada ya sampuli kupimwa. Shenzhen iko pwani kama sisi.

Chumvi haina ugomvi na zege, inaitafuta nondo. Saruji huivika nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoleta kutu, ikizidi, utando hutoboka, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo zege hupasuliwa kutoka ndani. Utaanza kuona mstari wa kahawia chini ya slebu, umenyooka kufuata nondo, kisha ufa, kisha vipande vinadondoka. Wengi huupiga plasta na rangi, basi!

Wakati huo kanuni za Uchina za mchanga wa zege lenye nondo ziliruhusu kloridi isiyozidi asilimia 0.06 ya uzito wa mchanga mkavu, yaani gramu 600 kwa tani. Ulimi hauwezi kupima hivyo. Tia mchanga chupani pamoja na maji ya betri (si asidi), tikisa, acha yatulie, kisha dondoshea nitrati ya fedha. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, hiyo ni dalili ya kloridi; peleka sampuli maabara kabla lori la pili halijamwaga.

Mchanga safi ukikorogwa kwa maji ya kisima cha chumvi ni kazi bure. Hata kumwagilia slebu siku 7 kunataka maji matamu. Upande wa bahari nondo zifunikwe milimita 50 za zege, kwa biskuti za saruji (vipande vya kuinulia nondo) za unene huo, si kwa kokoto iliyookotwa hapo hapo.

Wapo wanaosema Mji wa Kale umejengwa kwa mawe ya bahari na bado umesimama. Kweli, ila nyumba zile ni matumbawe, chokaa na boriti. Hazina nondo.

Wakaguzi wa kaunti nao wasiridhike na kipimo cha nguvu, cha kuvunja mchemraba wa zege siku ya 28. Zege lenye chumvi hufaulu kipimo hicho vizuri tu. Wadai cheti cha kloridi kabla slebu haijamwagwa.

Mhandisi wa majengo,
Tononoka, Mombasa