Picha kali sawa, ila mikoko yetu imepauka

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo. Juzi kwenye kikao cha mtaa huku kwetu Hananasifu tuliletewa picha ya satelaiti imeprintiwa kubwa kama kitenge, na kweli ni kali, mpaka uchochoro wa kwenda kisimani unauona. Watu wakaanza kutafuta paa zao. Mzee mmoja bati lake la bluu analijua, kaweka kidole juu yake, limekuwa zambarau. Tukacheka. Ila aliyeileta aliposema ile kijani iliyofifia karibu na Daraja la Salenda ni nyasi tu hapo hatukucheka, ile ni mikoko, tunaipita kila siku na daladala.

Mimi nashinda kwenye mambo ya ramani kwahiyo niseme kilichotokea. Satelaiti nyingi zinapiga picha ya nyeusi na nyeupe yenye vitone vidogo (vitone ndo vile vijisehemu vinavyounganishwa kuwa picha), na za rangi zenye vitone vikubwa, sababu ukichuja mwanga ubaki na rangi moja unapata mwanga mchache, sasa bila kitone kikubwa hautoshi. WorldView-3 kwa mfano, nyeusi na nyeupe kitone kimoja kwa upana kinafunika sentimita 31 za ardhi, cha rangi ni mita 1.24, yaani bajaji kwa upana inamezwa karibu yote na kitone kimoja. Kompyuta inachukua rangi za huku inazivisha ukali wa kule, na hapo ndo panapoharibika, maana ile nyeusi na nyeupe inanasa pia kamwanga ka infraredi ambako macho yetu hayaoni na majani mabichi yanakarudisha kwa nguvu sana, basi miti inang'aa kupita kiasi, kijani inapauka, mikoko inageuka nyasi.

Dawa ipo. Unaingiza na infraredi kwenye hesabu, au unaongeza zile kingo za paa na njia tu bila kugusa mwanga wa jumla. Ukimaliza, irudishe kwenye vitone vikubwa uilinganishe na ya mwanzo, rangi zikipishana ujue umeharibu.

Kwahiyo mnaotuletea picha mtaani, na nyie mnaozichapa gazetini, leteni na ile ya rangi ya mwanzo hata kama ina ukungu, hasa kama mtu anataka kuamua pale ni mikoko au kiwanja. Mzee wa bati la bluu mpaka leo anauliza nani kampakia rangi usiku.

Msomaji wenu,
Hananasifu, Dar es Salaam