Risala ya Kikundi cha Sanaa za Sauti kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mlezi wa kikundi chetu, walimu wetu, wazazi na wanakikundi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuuitikia mwaliko wetu. Tunafahamu kwamba wewe mwenyewe ulianza maigizo ya redio ukiwa mdogo kiasi cha kupandishwa juu ya kiti ili mdomo ukifikie kipaza sauti, na kwa sababu hiyo tumeona si vyema risala hii ianze na orodha ya mahitaji. Kila mwaka kikundi chetu huchagua msanii mmoja, tukaifuatilia kazi yake tangu mwanzo na kuijadili. Mwaka huu tulimchagua Harry Shearer wa Marekani, aliyeanza akiwa mtoto redioni, akawa mchekeshaji, kisha akawa sauti ya watu wengi wasio na miili. Tunaomba tukueleze kwanza tuliyoyaona kwake, nayo maombi yetu yatajitokeza yenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Shearer alizaliwa Los Angeles tarehe 23 Desemba 1943. Aliingia katika sanaa kwa bahati tu: mwalimu aliyekuwa akimfundisha piano aliamua kubadili kazi na kuwa wakala wa watoto waigizaji, akawaomba wazazi wake ruhusa, na akiwa na umri wa miaka 7 mtoto huyo akapata nafasi katika kipindi cha Jack Benny, aliyekuwa mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa redio wa zama zile. Humo alimkuta Mel Blanc, ambaye ndiye aliyekuwa sauti ya Bugs Bunny, sungura wa katuni, na Blanc akamlea kisanaa. Jambo hili tulilijadili kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Katika kipindi kile Blanc hakuigiza watu peke yao. Aliigiza hata gari bovu la Benny, likikohoa na kugoma kuwaka, kwa kinywa chake mwenyewe. Naye Benny alikuwa maarufu kwa ucheshi wa kunyamaza, yaani aliweza kuulizwa swali, akakaa kimya, na ukimya huo ukawavunja watu mbavu. Mtoto aliyekulia kati ya mtu anayeigiza gari na mtu anayechekesha bila kusema neno alipata darasa ambalo sisi, pamoja na vitabu vyetu, bado tunalitafuta.

Mwaka 1953 Shearer alionekana katika filamu mbili, na mwaka 1957 akacheza nafasi ya kijana mtundu aitwaye Frankie katika kipindi cha majaribio cha mfululizo wa televisheni uliokuja kujulikana kama Leave It to Beaver. Mfululizo ulipokubaliwa, wazazi wake wakakataa asiendelee nao, kwa kuwa walitaka apate utoto wa kawaida kama watoto wengine. Baadhi yetu tulisikitika tulipolisoma hilo, kwa sababu mfululizo ule uliendelea hadi mwaka 1963 na ungemfanya ajulikane kila nyumba. Wazazi waliopo hapa wao walitikisa vichwa kwa kuridhika, na tulipozidi kulitafakari tukaona huenda walikuwa na haki. Shearer alisoma, akahitimu sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na kwa muda akawa mwalimu wa shule. Aliporudi kwenye uchekeshaji alirudi akiwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe, mwenye ujuzi wa siasa na magazeti, na hiyo ndiyo ikawa malighafi ya mzaha wake.

Tunalisema hili kwa uchungu kidogo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa sababu nasi limetugusa. Katikati ya maandalizi ya mchezo wetu wa mwisho wa redio, mwenzetu aliyekuwa akiigiza mtoto wa miaka 8 alikuja mazoezini Jumatatu moja akiwa na sauti ya baba yake. Tulicheka sana siku ile, yeye hakucheka. Kwa wiki mbili alikaa nyuma akishika karatasi za wenzake, akiamini kwamba kazi yake imekwisha akiwa na miaka 13. Mwigizaji mtoto huajiriwa kwa kitu ambacho hakuna awezaye kukizuia kisiondoke, na kinapoondoka, wakubwa waliokuwa wakimpigia makofi huhamia kwa mtoto mwingine. Alichobaki nacho Shearer ni sikio, na sikio halibalehe. Mwenzetu tulimpa baadaye nafasi ya mlinzi wa usiku na ya babu, naye leo ndiye aliyefungua hafla hii kwa kuuigiza mlango unaolia. Tunaamini uligeuka kuutazama.

Kuanzia mwaka 1969 Shearer alikuwa katika The Credibility Gap, kundi lililofanya dhihaka juu ya habari za siku redioni, pamoja na akina Michael McKean na David Lander. Alijiunga na kipindi cha vichekesho cha televisheni, Saturday Night Live, mwaka 1979, akaondoka mwaka uliofuata, akarudi mwaka 1984 na kuondoka tena mapema mwaka 1985, mara zote mbili bila furaha. Kuhusu tofauti za kibunifu zilizotajwa kuwa sababu, alijibu kwa utani kwamba yeye alikuwa mbunifu na wao walikuwa tofauti. Desemba 1983 alikwisha kuanza kipindi chake mwenyewe cha redio, Le Show, ambacho ameendelea nacho kwa zaidi ya miaka 40, na ambamo huigiza viongozi, watangazaji na matajiri kwa kinywa kimoja.

Kilichomfikisha masikioni mwa dunia ni katuni ya The Simpsons, iliyoanza kama mfululizo kamili Desemba 1989. Ndani yake Shearer ndiye tajiri Burns, ndiye msaidizi wake Smithers, ndiye jirani mcha Mungu Ned Flanders, ndiye mwalimu mkuu Skinner, ndiye mchungaji Lovejoy na ndiye mtangazaji Kent Brockman. Burns na Smithers huzungumza wao kwa wao mara kwa mara, na Shearer huweza kuyatoa mazungumzo yao yote kwa mkupuo mmoja, bwana akiamuru na mtumishi akinyenyekea, bila mashine kusimamishwa. Tulijaribu zoezi hilo sisi wote. Kubadili sauti hakukutushinda. Kilichotushinda ni kubadili pumzi, kwa kuwa mzee dhaifu hapumui kama kijana anayemwogopa. Mwaka 2014, akiwa na miaka 70, alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, kwa kazi hiyo, akiwa wa mwisho kuipata miongoni mwa waigizaji sita wakuu wa katuni hiyo. Wanaolalamika kwamba wamecheleweshwa wanaweza kumfikiria yeye.

Sasa tunafika kwenye haki, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Hadi mwaka 1998 waigizaji wakuu wa The Simpsons walikuwa wakilipwa dola 30,000 kwa kipindi kimoja, na baada ya mvutano mkali wakapandishiwa hadi dola 125,000. Hata hivyo, mwaka 2011 walipotakiwa kukubali malipo yapunguzwe, Shearer alijitolea kukatwa asilimia 70 iwapo angepewa sehemu ya faida ya baadaye, na akakataliwa. Hapo tulielewa kwamba mshahara, hata ukiwa mnono, si sawa na umiliki. Yeye na wenzake waliwahi kubuni filamu ya mzaha ya mwaka 1984 kuhusu bendi ya kubuni, This Is Spinal Tap, ambayo bado inauzika. Mwaka 2016 alikwenda mahakamani akidai kwamba kwa zaidi ya miaka 20 mgawo wao wa mauzo ya bidhaa zake ulihesabiwa kuwa dola 81, na shauri likamalizwa kwa maelewano. Dola 81 hazitoshi hata kununua kipaza sauti kizuri.

Huko California suala hili la haki ya malipo lilianza na mtoto. Jackie Coogan, mwigizaji mtoto aliyecheza filamu na mchekeshaji Charlie Chaplin mwaka 1921, alipofikia utu uzima alikuta fedha alizochuma utotoni zimetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Akashtaki mwaka 1938, na mwaka 1939 ikatungwa sheria ya kuwalinda watoto waigizaji. Leo sheria hiyo inataka asilimia 15 ya pato la mtoto iwekwe katika akaunti ambayo mzazi hawezi kuigusa.

Kwa hiyo tunakuomba, wewe uliye karibu na vituo vya redio na watengenezaji wa katuni, utusaidie kuandaa mkataba wa mfano ulioandikwa kwa lugha nyepesi, ambao mzazi ataweza kuusoma na kuuelewa kabla mtoto wake hajafungua kinywa. Ueleze sauti itatumika wapi, kwa muda gani, na kama itaruhusiwa kufundishia kompyuta kuiga sauti hiyo. Tunaomba pia jina la mwigizaji wa sauti litajwe mwishoni mwa kila mchezo, kwa sababu hadi sasa wanaotajwa ni fundi mitambo na mdhamini. Tunaomba na chumba cha kurekodia, maana tunachotumia sasa kina magodoro ukutani, na mvua ikinyesha huigiza pamoja nasi bila kualikwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenzetu wa sauti ya mlango anasubiri pale mbele akukabidhi nakala ya risala hii na ya mchezo wetu, ambamo ameigiza watu watatu. Tunakuomba uusikilize bila kuyatazama majina kwanza, kisha utuambie umehesabu wangapi.

Tunaomba kuwasilisha.