Mzee asimulie mwenyewe, na alipwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana wanaozunguka vijijini kurekodi hadithi za wazee na kuzigeuza maigizo imenifikia huku Melbourne, Australia, ninakofanya kazi ya kutunza wazee. Mwandishi kawamwagia vijana sifa, na wanastahili. Ila hakuuliza nani aliamua kipi kisemwe jukwaani, wala mzee aliondoka na nini.

Nauliza kwa sababu ya Mzee Jack Charles, mwigizaji wa Kiaborijini, yaani mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia, aliyefariki Septemba 2022 akiwa na miaka 79. (Jamii nyingi za Kiaborijini hazitaji jina la marehemu ovyo, familia yake iliruhusu, ndiyo maana namtaja.) Nilimtazama katika Jack Charles v The Crown (yaani Jack Charles dhidi ya Serikali, kama jina la kesi), mchezo uliotolewa na kundi la maigizo la Ilbijerri kuanzia 2010. Sisi tukitafuta viti, yeye yuko jukwaani tayari, babu mfupi mwenye ndevu nyeupe, anafinyanga chungu. Kazi hiyo aliifanya pia gerezani.

Serikali ilimchukua kwa mama yake angali mchanga, kama ilivyowachukua maelfu ya watoto wa Kiaborijini hadi miaka ya 1970. Akakulia kwenye makao ya wavulana huko Box Hill, akiambiwa ni yatima, kumbe mama yu hai. Baadaye ikawa heroini, wizi na jela, kutoka na kurudi. Alivunja nyumba za matajiri, naye akatania kwamba alikuwa anakusanya kodi ya ardhi ya mababu zake. Ukumbi uliangua kicheko. Cha jirani yangu kilikatika njiani.

Hakuna kijana aliyejipaka mvi kumwigiza. Aliandika mwenyewe pamoja na mwandishi wa michezo John Romeril, akaongozwa na Rachael Maza, binti wa Bob Maza ambaye yeye na Mzee Jack walianzisha kundi la maigizo la Kiaborijini, Nindethana, mwaka 1971. Aibu zake alizichagua mwenyewe azitoe hadharani. Na alikuwa na shida ya kweli ya kutatua: alitaka rekodi yake ya jinai ifutwe, maana ilimzuia kuingia magerezani kuwasaidia vijana wa Kiaborijini. Akaidai pale pale, mbele yetu, kama yuko kortini. Sauti iliyohifadhiwa kwenye simu ingemdaia nani?

Najua si kila mzee anaweza kupanda jukwaani. Kwa hao, baraza la sanaa la Australia limechapisha mwongozo: ridhaa iombwe kabla, mwenye hadithi atajwe, naye apate sehemu ya faida. Si mambo ya kuhitaji mfadhili.

Mama yangu mkubwa, huko Korogwe, alitumia ujana wake kwenye mashamba ya mkonge. Kundi moja la maigizo lilimhoji, likanywa chai yake, likaondoka. Hadithi ilipoonyeshwa, habari alizipata kwa jirani, kwamba wamemfanya kikongwe wa kuchekesha anayelala kazini. Hajawahi kulala kazini mwanamke yule.

Basi, Mhariri, mrudisheni mwandishi wenu kwa vijana wale. Awaulize kama wazee waliona mazoezi kabla ya tiketi kuuzwa, na katika fedha za tiketi walipewa kiasi gani. Majibu yachapisheni hata kama ni mafupi. Mama mkubwa haoni vizuri siku hizi, lakini gazeti husomewa na mjukuu.

Msomaji wenu wa Tanga,
Footscray, Melbourne