Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kwenda Thailand Kufundisha Kiingereza

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, ujumbe wako nimeupata pamoja na lile tangazo la kazi. Umeniuliza neno moja: je, ukate tiketi sasa bei ingali chini, uingie kwa viza ya utalii, kisha shule ikubadilishie ukishafika? Jibu langu ni la, usikate. Kwa kuwa kukataza peke yake hakumsaidii mtu, soma haya hadi mwisho, kalamu mkononi.

Viza unayoihitaji inaitwa Non-Immigrant B. Viza ya utalii haikuruhusu kusimama mbele ya darasa hata siku moja, na hata hiyo B peke yake haikuruhusu mpaka upate kibali cha kazi, jambo ambalo nitalifikia. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya baht (sarafu ya Thailand) 5,000 hadi 50,000, hurudishwa kwao, na hapewi kibali kwa miaka 2. Ni kweli kwamba sheria ya Thailand ina mlango wa kubadilisha viza ukiwa ndani ya nchi. Lakini mlango huo unataka uwe na siku zisizopungua 15 zilizobaki, karatasi zote za shule ziwe kamili, na afisa wa uhamiaji aridhike. Sasa jiulize: shule yenye karatasi kamili inashindwa nini kukutumia uombe ukiwa hapa nyumbani? Mara nyingi inayosema "njoo tu, tutamaliza huku" ni ile isiyokuwa nazo, na gharama ya kukosa itakuangukia wewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya shule, si yako. Ikitaka kukuajiri kwa haki, itakutumia barua kwa ubalozi wa Thailand yenye jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, kazi utakayofanya, mshahara na muda. Mkataba uliotiwa saini. Nakala ya leseni au usajili wa shule. Na barua ya idhini kutoka mamlaka ya elimu inayoisimamia. Shule za serikali ziko chini ya ofisi inayoitwa OBEC, za binafsi chini ya OPEC. Nakala ziwe na saini ya mkuu aliyeidhinishwa na mhuri wa shule. Ukosefu wa saini kwenye nakala ni jambo dogo kwa macho, lakini hurudisha maombi mengi. Ile barua ya idhini ndiyo huchelewa kuliko zote, na shule haiwezi kuilazimisha itoke. Mwaka wao wa masomo huanza katikati ya Mei, na muhula wa pili karibu na mwanzo wa Novemba. Shule inayokupa kazi wiki moja kabla ya kufungua inajua kwamba muda hautoshi.

Kabla ya kushughulika na karatasi zako, hakikisha shule ipo. Tafuta nambari yake ya simu kwingine, si kwenye tangazo, upige mwenyewe uulize kama mtu aliyekuandikia yuko pale. Nisikilize sana hapa, mwanangu. Mwaka 2022 serikali yetu ilianza kuwarudisha Wakenya waliotapeliwa kwa matangazo ya kazi njema Thailand. Walipokelewa Bangkok, wakasafirishwa kwa gari hadi mpakani, wakavushwa mto Moei kuingia Myawaddy nchini Myanmar, na huko wakafungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu kwa intaneti. Mapema mwaka 2025, walipotolewa maelfu kutoka majengo hayo, watu wetu wa Afrika Mashariki walikuwamo. Mji wa upande wa Thailand unaitwa Mae Sot, katika mkoa wa Tak, takriban kilomita 500 kutoka Bangkok. Mae Sot ina shule za kweli na watu wema, sikatai. Lakini mtu akikwambia umeajiriwa Bangkok kisha dereva akashika njia ya Tak, shuka penye watu, upige simu ubalozi wa Kenya ulioko Bangkok. Hifadhi nambari yao kwenye simu kabla ya kuondoka. Na wakala yeyote wa hapa anayekutaka ulipe, angalia kwanza kama yumo kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA.

Haya, sasa karatasi zako.

Anza na jina. Watoto wa Pwani tunasumbuka hapa kuliko wengine: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, kitambulisho Mohammed, shahada Muhammad, au jina la babu limo kwenye pasipoti na halimo kwenye cheti cha chuo. Kwa afisa wa Bangkok hao ni watu watatu. Zitandaze karatasi zote mezani, ulinganishe herufi kwa herufi. Pasipoti ndiyo mizani. Pale zinapotofautiana, nenda kwa wakili akuandikie kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na kama chuo kinaweza kurekebisha cheti chake, afadhali zaidi. Fanya hivyo kabla ya kugonga mhuri wowote, maana mhuri juu ya karatasi yenye kosa ni pesa iliyotupwa.

Kisha shahada. Wanataka shahada kamili ya chuo kikuu, ya fani yoyote, stashahada haitoshi. Kile cheti cha TEFL, cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 120 ulichokisoma mtandaoni kina faida, shule zinakipenda, lakini hakichukui nafasi ya shahada hata ukiwa navyo vitatu. Pamoja na cheti chenyewe, uwe na transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zako, na uombe chuo barua ya kuthibitisha kwamba ulihitimu pale, kwa sababu shule nyingi na Baraza la Walimu la Thailand huidai. Shule ikitaka nyaraka zihalalishwe, njia ni hii: Wizara ya Elimu, halafu Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, halafu ubalozi wa Thailand huko huko Nairobi. Ukiruka hatua moja unarudishwa nyuma.

Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi ya polisi wetu, unakiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu, unaenda kuchukuliwa alama za vidole kwenye kituo cha Huduma. Usikichukue mapema mno. Shule nyingi hukataa kilichopita miezi 6, nawe utakihitaji pia baada ya kufika. Ngoja mpaka mkataba uwe umetiwa saini.

Kuhusu Kiingereza chenyewe, ukubali ukweli huu mapema usije ukaudhika: kwa vitabu vyao, mzawa wa lugha hiyo ni mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na nchi chache kama hizo. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza hahesabiwi humo. Naiona si haki, lakini ndivyo ilivyo, na dawa yake ni alama za mtihani. Wengi hudai TOEIC isiyopungua 600 kati ya 990, wengine hupokea IELTS. Uliza shule ni upi inaoutaka kabla ya kulipia, kwa sababu IELTS ni ghali na matokeo yake huhesabiwa miaka 2 tu. Kutokuwa mzawa kwa vitabu vyao pia kunashusha mshahara, kwa hiyo usiangalie tarakimu ya mwezi pekee. Uliza mkataba ni wa miezi 10 au 12. Shule nyingi hufungwa Machi na Aprili, na mwenye mkataba wa miezi 10 hukaa miezi hiyo miwili akilipa kodi ya nyumba bila mshahara. Uliza pia nani analipia kibali na viza.

Rafiki yako anayekushawishi muende Korea Kusini, mwambie kwa upole kwamba viza yao ya kufundisha lugha, E-2, kwa Kiingereza imefungiwa nchi 7, na Kenya haimo. Asimpe mtu pesa kwa ahadi hiyo.

Chanjo ya homa ya manjano usiisahau. Thailand imeiweka Kenya, pamoja na Tanzania, Uganda na jirani zetu wengine, kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake lazima waonyeshe cheti. Uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Kama ulichanjwa zamani, cheti hicho sasa kinatambuliwa maisha yako yote. Kitafute kwenye kabati kabla ya kuchanjwa tena.

Maombi yenyewe yanafanywa kwa intaneti, kwenye tovuti rasmi ya viza ya Thailand, na yanaamuliwa na ubalozi wa eneo uliko. Ukiwa Mombasa ni Nairobi. Ukiwa kwa dada yako Dubai, mfumo utadai uthibitishe kwamba uko huko na una ruhusa ya kukaa huko, kwa hiyo usijaribu kuomba ukiwa njiani. Ada ikilipwa hairudi, hata ukikataliwa. Tiketi nunua viza ikishatoka.

Viza ya kuingia mara moja ina tarakimu mbili ambazo watu huzichanganya. Miezi 3 ni muda wa kuitumia, kuanzia siku ilipotolewa: usipoingia humo, imekufa. Siku 90 ni muda wa kukaa, na zinaanza kuhesabiwa pale pasipoti inapogongwa mhuri uwanjani. Kabla ya kuingia, ndani ya siku 3 kabla ya kufika, jaza kadi ya kidijitali ya kuwasili, TDAC, iliyoanza Mei 2025. Ni bure, tovuti inayodai malipo ni ya matapeli. Na ukipokea pasipoti kutoka kwa afisa, simama hapo hapo usome mhuri: aina ya viza na tarehe ya mwisho. Kosa linalogunduliwa mbele ya dirisha hurekebishwa kwa dakika chache. Ukishatoka uwanjani, ni safari za ofisini.

Hizo siku 90 ni za kukimbizana. Utapimwa afya kliniki ya huko, wanaangalia magonjwa kama kifua kikuu na kaswende, pamoja na matumizi ya dawa za kulevya. Shule itaomba kibali cha kazi kwa Idara ya Ajira; cha mwaka mmoja ni baht 3,000, na 100 ya kuwasilisha maombi. Kama unafundisha shule ya kawaida, si kituo cha lugha tu, itakuombea pia ruhusa ya muda kwa Baraza la Walimu, Khurusapha wenyewe wanavyoliita, kwa sababu shahada yako si ya ualimu. Hiyo hutolewa kwa miaka 2. Kibali kikishatoka ndipo unaenda uhamiaji kuongeza muda wa kukaa, baht 1,900. Ukifika siku ya 60 na shule haijawasilisha kitu, usinyamaze kwa haya. Nenda kwa mkuu, mwombe akuonyeshe risiti ya maombi, kwa adabu, na urudi tena kesho yake. Kila siku unayopitiliza ni faini ya baht 500, hadi 20,000, na ukikamatwa ukiwa umepitiliza chini ya mwaka unazuiwa kuingia kwa miaka 5.

Mambo matatu huwaponza hata waliokwisha kutulia. Kwanza, ukitaka kuja nyumbani kwa Idi, kata ruhusa ya kurudi kabla ya kuondoka: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa nyingi. Ukiondoka bila hiyo, muda wote ulioongezewa unafutika uwanjani, na unaanza upya Nairobi. Pili, kila siku 90 unatakiwa kuripoti anwani kwa uhamiaji, kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi 7 baadaye. Kuripoti huko hakuongezi muda wa kukaa hata kidogo. Wengi hudhani kunaongeza, na viza zikawaishia mkononi. Mwenye nyumba naye anapaswa kuarifu ndani ya saa 24 kwamba amekupokea, na risiti yake uiombe uiweke, kwa kuwa utaulizwa. Tatu, kibali kimefungwa kwa shule iliyokuombea. Ukipewa vipindi vya jioni shule nyingine, usivichukue mpaka viongezwe kwenye kibali. Na ukiacha kazi, muda wako wa kukaa unakwisha siku ileile, si mwisho wa tarehe iliyoandikwa. Kwa hiyo ukitaka kuhama, shule mpya iwe na karatasi tayari kabla hujaandika barua ya kuacha, na mziongoze shule mbili zikubaliane tarehe ya kufuta na kuomba upya.

Wiki hii nitumie vitu vitatu: picha ya mkataba kurasa zote, jina la shule kwa Kithai na kwa Kiingereza, na picha za pasipoti, cheti cha kuzaliwa na shahada yako zikiwa zimewekwa pamoja. Nitazisoma usiku na kukupigia asubuhi. Tangazo likisema nafasi inafungwa Ijumaa, waache waifunge.

Wasalaam,
Mamako akupendaye