Chakula tunacho, moto ndio hatuna: harambee ya jiko letu la Mabibo

Ndugu, jamaa na marafiki, habari za saa hizi. Naandika kwa niaba ya kina mama wa lile jiko la kulisha watu nyuma ya kanisa, hapa Mabibo, Dar es Salaam, wengi mnatujua na wengine mmeshakula kwetu. Sitazunguka, leo tumekuja na bakuli mkononi, tunaomba hela ya gesi.

Swali la kwanza nalijua maana tunaulizwa kila siku, si chakula mnapewa bure? Ndiyo tunapewa. Kila alfajiri pale soko la Mahakama ya Ndizi magari yanashusha mzigo wa Bukoba, Mbeya na Moshi, na mikungu ikishushwa kwa haraka zile kuna ndizi zinanyofoka zinabaki chini, hazina ubaya wowote ila hazipo tena kwenye chane kwa hiyo mteja hazitaki, basi wafanyabiashara wanatuwekea kwenye salfeti tunapitia saa moja na nusu. Nyanya vilevile, zile za chini ya tenga zimebonyea kidogo, mchuzi haujui kama nyanya ilibonyea. Mikate ya jana tunapewa pia. Yaani chakula kipo jamani, siku nyingine kinatushinda kubeba.

Na mikono nayo tumepata. Kuna wafanyakazi wa kampuni moja ya bima wameanza kuja Jumamosi kutusaidia kumenya, kuosha vyombo na kupakua, na siku ya kwanza walikuja wamependeza, fulana nyeupe mpyaa zina nembo ya kampuni kifuani, tukawaambia wanangu hizo nguo mtazijutia wakacheka wakaingia kazini. Sasa utomvu wa ndizi mbichi mnaujua. Hakuna aliyepaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, saa nne vidole vimenata kama gundi, kila mtu anajipangusia tumboni, mpaka tunapakua nembo ya kampuni ilishakuwa rangi ya kahawia na kaka mmoja wa IT analia kwa vitunguu huku anasema halii. Wiki iliyofuata wakarudi na kanga za mama zao kiunoni. Hapo ndio nikajua hawa ni wetu.

Siku hiyohiyo dada mmoja kati yao akawa anatusomea kwenye simu kwamba Umoja wa Mataifa wamepiga hesabu ya mwaka 2022, dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula na asilimia 60 ilitoka majumbani kwa watu, sio sokoni wala hotelini. Mama wa zamu akasimamisha mwiko akauliza, majumbani kwa nani? Tukacheka sana, maana kwetu kiporo kinapigiwa foleni asubuhi.

Niseme na hili, sisi hatupokei kila kitu. Mwaka juzi ukumbi mmoja ulituita usiku baada ya harusi tukachukue pilau, tukaenda mbio na bajaji, kufungua hotpoti kumbe limekaa na joto tangu mchana limeshaanza kuchacha. Tukamwaga lote na watoto wanatuangalia, tukakoroga uji saa tatu usiku. Toka siku hiyo chakula kilichopikwa tunachukua tu kile ambacho hakijapakuliwa na tunajua kimepikwa saa ngapi, kilichogusa sahani ya mtu hapana, hata kama ni nyama tupu.

Sasa nirudi kwenye moto. Chakula bure, mikono bure, usafiri tunajichanga, ila sufuria halichemki kwa sala peke yake. Mpaka leo tunapikia mkaa na kuni, siku ya maharage gunia linaondoka hivihivi ukiangalia, macho yanawaka, na mama mwenzetu mmoja mwenye kifua ilibidi tumtoe jikoni tumuweke kwenye kupakua. Halafu kuna agizo la serikali, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziwe zimeacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Sisi ni kikundi tu cha kina mama, ila tulianza na sahani 40 na sasa siku za Jumanne na Jumamosi tunafika 130, hatuwezi kuendelea kujificha nyuma ya mwembe na moshi wote ule.

Tunahitaji majiko mawili makubwa ya gesi yale ya kusimama chini, mitungi miwili ya kilo 38, mipira na regulata zake, fundi wa kufunga vizuri tusije tukalipuka, na gesi ya kuanzia. Jumla tumepigiwa milioni 3 na laki 8. Mkononi tuna laki 9 na elfu 40, sehemu ni za kina mama wenyewe elfu mbilimbili kila wiki na sehemu ni za hao vijana wa bima, walichangishana ofisini kwao bila sisi kuwaomba.

Ombi lingine kwa mlioajiriwa, na msinichukie. Jumamosi tunakuwa na watu mpaka tunagongana jikoni, mwingine kapewa kisu kwa ajili ya picha tu. Jumanne tuko wanne. Kama bosi wako anaweza kuruhusu watu wawili tu Jumanne saa mbili mpaka saa sita, mtakuwa mmetusaidia kuliko basi zima la Jumamosi.

Harambee yenyewe ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu baada ya ibada ya pili. Elfu moja inapokelewa, ahadi inaandikwa, mwenye mtungi mtupu wa kilo 38 uliolala stoo atuletee. Mlioko mbali, lipa namba mwombeni mhazini wetu mwenyewe kwa sauti, mpigieni, msitume hela kwenye meseji yoyote ya "ile hela tuma kwenye namba hii" hata ikiwa na jina langu.

Siku hiyo kutakuwa na ndizi na maharage. Wanaotaka kuja kumenya waje saa kumi na mbili asubuhi, mafuta ya kupaka mikononi yapo, fulana nyeupe muache nyumbani.