Malalamiko: bati la nyuma linaloziba upepo wa silinda nambari 3

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: SETI YA MABATI YA KUELEKEZA UPEPO, INJINI YA LYCOMING O-360

Majibu mliyotupa kwa barua pepe hayajagusa kasoro yenyewe, ndiyo maana tunaiandika hapa kwa ukamilifu. Seti mliyotuuzia kwa ajili ya ndege tunayojijengea inaifanya silinda nambari 3 ichemke kuliko wenzake, na injini hii hupozwa kwa upepo unaoelekezwa na mabati hayo. Chanzo ni umbo la bati la nyuma upande wa kulia. Injini haina tatizo, na bati tulilifunga kama kitabu chenu kinavyoagiza.

Ndege ikipanda kutoka uwanja wa Wilson, takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari ambako hewa tayari ni nyepesi, kwa nguvu zote na mwendo wa noti 100 (maili za baharini kwa saa), kichwa cha silinda 1 husoma nyuzi 378 za Farenhaiti, cha 2 nyuzi 386 na cha 4 nyuzi 371. Cha 3 hufika 432, yaani 222 za Selsiasi, na bado huwa kinapanda. Mtatuambia kikomo cha Lycoming, watengenezaji wa injini, ni 500. Ni kweli, lakini Lycoming hao hao wanashauri joto lisizidi 435 ndege ikisafiri kwa nguvu nyingi, na likae chini ya 400 kwa mwendo wa kubana mafuta, kama mwenye injini anataka silinda zidumu. Kichwa ni aluminiamu. Kikizoea joto la juu huanza kulegea, kisha nyufa.

Mlianza kwa kulaumu sensa za joto. Tulibadilishana sensa za silinda 1 na 3, na joto likabaki palepale kwenye 3. Zote nne ni za kufunga kwenye tundu la kichwa. Hakuna hata moja ya pete ya chini ya plagi, ambayo husoma juu zaidi na kuharibu ulinganisho.

Mkasema injini ni mpya, ringi za pistoni hazijakaa. Ringi mpya hupasha silinda zote. Silinda 3 ina ringi gani za peke yake?

Mkageukia petroli. Tukiipunguza taratibu, joto la moshi wa silinda 3 hufika kileleni karibu sambamba na zile nyingine, kwa hiyo hainyimwi mafuta. Viungo vya paipu za kuingizia hewa navyo vimekaguliwa: havina ile rangi ya buluu ambayo petroli ya ndege huacha panapovuja.

Ushauri wenu wa mwisho, kupanua tundu la kutokea hewa chini ya kifuniko cha injini, ungetugharimu zaidi na usingetibu kitu. Tulipitisha bomba jembamba la mpira lenye maji, ncha moja juu ya silinda na nyingine chini, tukapata tofauti ya shinikizo ya karibu inchi 5 za maji wakati wa kupanda. Upepo upo wa kutosha. Kupanua tundu kungepoza silinda zote nne kwa pamoja na kuiacha 3 ikiongoza vilevile.

Kasoro ni hii. Silinda zote za injini hii ni za umbo moja, na kila kichwa kina upande mmoja ambao mapezi yake, yaani vibao vyembamba vya kutolea joto, ni mafupi mno. Kwa kuwa za kushoto zimegeuzwa, upande huo huangukia nyuma ya silinda 3 na mbele ya silinda 2. Bati lenu la nyuma limelala bapa juu ya mapezi hayo mafupi, hewa ikakosa pa kushukia. Anayeuza mabati ya Lycoming hapaswi kuambiwa jambo hili na mteja.

Kuthibitisha, tuliweka washa mbili za AN970-3, zenye unene wa milimita 1.6 kila moja, kati ya bati na kichwa. Joto la 3 likashuka kutoka 432 hadi 404, na zile nyingine hazikupanda. Baadaye tukakunja mfereji wa bati la aluminiamu ya 2024-T3 la inchi 0.032, wenye kina cha milimita 8, wazi juu na chini, kingo zikazibwa kwa silikoni nyekundu ya kuhimili joto. Mfereji unaishia kwenye kichwa tu. Ukiurefusha hadi kwenye mwili wa silinda, ambako mapezi yana urefu wa kutosha, utapitisha hewa bure bila kupoza chochote.

Kitabu chenu nacho kina kosa. Mchoro wa mikanda ya mpira, inayoziba mwanya kati ya mabati na kifuniko cha injini, unaonyesha mkanda wa nyuma umelazwa kuelekea ukuta wa kuzuia moto ulio nyuma ya injini. Ukifungwa hivyo, upepo huufunua na kutorokea nyuma. Unatakiwa ulale kuelekea mbele, ili shinikizo la hewa liukandamize kwenye kifuniko. Mkitaka kuhakikisha, washeni taa chini ya injini gizani, kisha mchungulie kwenye matundu ya mbele: kila mwanga unaoonekana pembeni ni uvujaji.

Tunataka bati la nyuma la silinda 3 lenye mfereji, pamoja na bati la mbele la silinda 2 lenye nafasi kama hiyo; mchoro wa mikanda usahihishwe; na tulipwe gharama ya bati na silikoni tulizonunua, risiti zimeambatishwa. Zaidi ya hayo, waarifuni kwa maandishi wateja wote walionunua seti hii. Hili la mwisho halisubiri mazungumzo ya fedha, maana wengine huenda wanaruka bila sensa kwenye kila silinda, na sensa ikiwa moja tu iliyofungwa kwenye 4, rubani ataona kila kitu ni shwari.

Tunatarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14. Bati la awali tunalo hangani, lina alama za mapezi pale lilipogusa kichwa; mtumeni fundi wenu alikague siku yoyote ya kazi.

Wenu,
Wajenzi na wamiliki wa ndege